Mgeni akishaondoka: dhana potofu kuhusu kujitolea kwa watoto na ujenzi wa nyumba vijijini ng'ambo

Kila mwaka maelfu ya watu hufunga safari kwenda nchi za mbali, wakakaa wiki mbili au mwezi katika kijiji wasichokijua, wakicheza na watoto na kusaidia kujenga nyumba. Wengi wana moyo safi, na sina sababu ya kuutilia shaka. Ninachokitilia shaka ni maneno wanayoambiwa kabla ya kupanda ndege, maana baadhi yake yameumiza watoto na kuacha kuta zenye nyufa. Mtoto hubaki, na nyumba hubaki, mgeni akishaondoka. Kwa hiyo kila dhana hapa chini naipima kwa wale wanaobaki.

"Watoto wanaolelewa vituoni ni yatima"

Wengi wao si yatima. Kambodia, UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, ilikuta kwamba takriban robo tatu ya watoto wa vituoni walikuwa na angalau mzazi mmoja aliye hai. Haiti, kiwango hicho kilikadiriwa kufika asilimia 80. Mara nyingi kinachompeleka mtoto kituoni ni umaskini, wala si msiba. Mama anaambiwa mwanawe atasoma, atakula na atavaa, naye anamtoa akiamini anamtafutia maisha.

Hapo ndipo mgeni anapoingia bila kujijua. Kati ya mwaka 2005 na 2010 vituo vya watoto Kambodia viliongezeka kutoka 154 hadi 269, na havikuongezeka kwa sababu wazazi walikuwa wakifa zaidi. Viliongezeka kwa sababu kulikuwa na watalii na wafadhili waliotaka kuviona na kuvichangia. Nepali nako vituo vimerundikana katika wilaya chache ambako wageni hupita, Kathmandu na upande wa Pokhara, huku watoto wakitolewa wilaya za mbali za milimani. Anayelipa ili akae na yatima anaunda soko la yatima. Soko likikosa yatima wa kweli, kuna watu wa kuwatengeneza: hubadilisha majina, hughushi vyeti vya vifo vya wazazi, humfundisha mtoto aseme hana mtu.

Mwaka 2010, majuma machache baada ya tetemeko la Haiti, kundi la Wamarekani lilikamatwa likijaribu kuvusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika. Walisema wanawaokoa yatima. Ikabainika kwamba wengi walikuwa na wazazi walio hai, walioahidiwa kuwa watoto wao wanakwenda kusomeshwa. Tukio hilo linanisumbua hadi leo, kwa sababu ninaamini baadhi ya watu wale walidhani kweli kwamba wanatenda wema.

Dunia imeanza kuamka. Kamati ya Bunge la Australia, katika ripoti yake ya mwaka 2017, ilitaja usafirishaji wa watoto kwenda vituoni kuwa sura mojawapo ya utumwa wa kisasa, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikapitisha sheria dhidi ya utumwa huo. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo likaonya, katika azimio lake kuhusu haki za mtoto, juu ya madhara ya programu za kujitolea katika vituo vya yatima.

"Upendo wa wiki mbili ni afadhali kuliko kukosa kabisa"

Dhana hii ndiyo ngumu kuliko zote kuiachilia, kwa sababu mgeni huiona kwa macho yake ikithibitishwa. Anashuka garini, na kabla hajatua mkoba, watoto watano wameshamkumbatia. Anasema: tazama walivyo na kiu ya upendo!

Wataalamu wa makuzi huona jambo jingine. Mtoto mdogo aliyelelewa vizuri humwonea haya mgeni. Hujificha nyuma ya mama, huchungulia, huzoea polepole. Mtoto anayemrukia kila mtu asiyemjua mara nyingi ni yule ambaye hakupata mtu mmoja wa kumshika tangu mwanzo. Kila mgeni anayempenda kwa wiki mbili kisha akaondoka humwachia jeraha lilelile mara ya pili, ya kumi, ya hamsini.

Ushahidi mzito ulitoka Rumania. Kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest. Nusu yao, waliopatikana kwa bahati nasibu, walihamishiwa katika familia za kulelea, na wengine wakabaki katika malezi ya kawaida ya vituo. Waliopata familia walipiga hatua mbele kwa akili na kwa uwezo wa kujenga uhusiano, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Vituo vile vilikuwa na walezi, chakula na vitanda. Kilichokosekana ni mtu wa kudumu. Sasa jiulize, mgeni wa wiki mbili anaongeza udumifu, au anaongeza sura nyingine tu ya kupita?

"Kujenga ni nguvu tu, mtu yeyote anaweza"

Muulize fundi mwashi. Atakuambia kwamba ukuta hudanganya: unaweza kuonekana umenyooka, ukiteremsha timazi, uzi wenye uzito wa kupimia wima, unakuta umelala. Matofali yasipolowekwa hunyonya maji ya udongo wa saruji, na udongo huo haushiki. Maungio yasipopishanishwa, ufa hupata njia iliyonyooka kutoka linta, ile boriti iliyo juu ya milango na madirisha, hadi msingi. Maji yakizidi kwenye zege, kazi huwa laini mkononi lakini zege hukauka dhaifu. Likishamwagwa, linahitaji kumwagiliwa si chini ya siku saba, na nguvu zake hupimwa siku ya 28. Kundi la siku kumi linaondoka zege likiwa bado changa. Nani atalimwagilia?

Mtu ambaye hajawahi kushika mwiko anahitaji fundi wa kumsimamia, na fundi anayesimamia hajengi. Mara nyingine lazima abomoe alichojenga mgeni na kuanza upya.

Gharama ya kosa hujulikana siku ardhi inapotikisika. Tetemeko la Nepali la Aprili 2015 liliua watu karibu 9,000 na kuangusha karibu nyumba nusu milioni, nyingi zikiwa za mawe na udongo, zisizo na mikanda ya kufunga kuta wala mawe marefu yanayopenya unene wa ukuta na kuushikilia. Serikali ilichagua kuwapa wenye nyumba ruzuku ya rupia 300,000 kwa awamu tatu, mhandisi akikagua kila hatua kabla ya awamu inayofuata, na mafundi wa vijijini wakafunzwa namna ya kujenga nyumba inayostahimili. Mpango huo ulikuwa na ucheleweshaji na malalamiko mengi, lakini naupenda kwa jambo moja: ujuzi ulibaki mikononi mwa mafundi wa kijiji, na tetemeko lijalo litawakuta nao.

"Kazi ya bure haimgharimu mtu"

Honduras ilipopigwa na kimbunga Mitch mwaka 1998, makundi ya wageni yalikwenda kujenga nyumba. Mtafiti Kurt Ver Beek alilinganisha gharama: ukijumlisha nauli na matumizi ya wageni, kila nyumba yao iligharimu takriban dola 30,000, ilhali taasisi ya wenyeji ilijenga nyumba moja kwa takriban dola 2,000. Yaani nyumba 15 kwa bei ya moja. Familia zilizopokea nyumba hazikuonyesha tofauti kubwa ya maisha kati ya zilizojengewa na wageni na zilizojengewa na wenyeji.

Na kuna gharama isiyoandikwa popote. Siku mgeni anapochanganya udongo bure, kibarua wa kijiji hicho amekosa ujira. Maji anayooga yamechotwa na mtu. Kuna wanawake wanaoacha mashamba yao ili wampikie. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayetoa jembe ni mwenyeji, na ndiye anayejua shamba lipi lilimwe. Mgeni akija na jembe lake na shamba alilokwisha kulichagua, methali imegeuzwa kichwa chini.

"Ukishakabidhi ufunguo, kazi imekwisha"

Nyumba bila hati ya kiwanja inaweza kuchukuliwa kesho. Chumba kilichochorwa na asiyejua familia inapikia wapi hujaa moshi, au huishia kuwa ghala. Habitat for Humanity, shirika la kujenga nyumba lililoanzishwa Marekani mwaka 1976, ilijenga utaratibu wake juu ya kanuni kwamba mwenye nyumba hutoa saa zake za kazi na hulipa nyumba kidogo kidogo kwa mkopo anaoumudu. Waweza kubishana na mengine ya mtindo huo, lakini mtu aliyechimba msingi wake mwenyewe anajua nondo zimelala wapi.

"Picha na watoto haina ubaya"

Ungempiga picha mtoto wa jirani akiwa hajavaa shati, ukaiweka mtandaoni bila kumwuliza mama yake? Basi na huyu ana mama.

"Mtu mwema hahitaji kuchunguzwa"

Wanaotaka kudhuru watoto hutafuta mahali ambapo mlango uko wazi na mgeni haulizwi kitu. Shirika linalompokea mtu kwa malipo peke yake, bila cheti cha polisi cha tabia njema, bila wadhamini wala mahojiano, haliwalindi watoto, hata kuta zake zikipambwa vipi kwa picha za tabasamu.

"Basi, tusiende kabisa"

Hili nalo si kweli. VSO, shirika la kupeleka watu wa kujitolea ng'ambo, ilianza Uingereza mwaka 1958 kwa kupeleka vijana waliotoka shule. Baadaye ikageukia watu wenye taaluma, wanaofanya kazi bega kwa bega na wenzao wa nchi husika. Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani la watu wa kujitolea lililoundwa mwaka 1961, humtaka mtu akae takriban miezi 27, na miezi ya mwanzo ni ya kujifunza lugha na kazi. Mtaalamu wa tiba ya viungo anayewafunza wahudumu wa zahanati namna ya kumnyoosha viungo mtoto mwenye ulemavu hahitaji kumkumbatia mtoto hata mmoja. Vivyo hivyo mhandisi anayekaa na mafundi wa kijiji kuwafundisha kukagua mikanda ya zege.

Rwanda, kuanzia miaka ya 2012 na 2013, serikali ikisaidiana na UNICEF ilianza kuwatoa watoto vituoni na kuwarudisha katika familia, zao au za kulelea. Kazi hiyo ilihitaji maofisa ustawi wa jamii na wanasaikolojia wanaojua lugha, wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba kwa miezi, wanaomtafuta shangazi, wanaokaa chini na bibi aliyezeeka na kupima kama ataweza. Ukitaka kumsaidia mtoto wa mbali, changia kazi ya namna hiyo.

Na ukiomba nafasi mahali, ukadaiwa cheti cha polisi, ukaambiwa hutakaa peke yako na watoto, ukatakiwa usome lugha kwanza, kisha ukawekwa chini ya fundi wa kijiji kama saidia fundi, usikasirike. Umepata mahali panapowajali wanaobaki.