Jicho Si Kamera: Tunachojifunza kwenye Picha za Vipande za David Hockney

Nyoosha mkono mbele yako, utazame ukucha wa kidole gumba. Kwa umbali huo, upana wa ukucha unakaribiana na eneo lote ambalo jicho lako linaliona waziwazi kabisa. Vingine vyote pembeni vimefifia. Huvihisi kufifia kwa sababu kila unapotaka kujua kuna nini pale, jicho huwa limesharuka na kutua palepale.

Wanafunzi wengi hunijia wakiamini kwamba jicho ni kamera: mwanga unaingia, picha inapigwa, ubongo unaipokea. Mfano huo unaeleza vizuri kazi ya lenzi, basi. Ili kuwatoa hapo siwaanzishii mchoro wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Nawaonyesha kwanza kazi za David Hockney, mchoraji Mwingereza aliyezaliwa Bradford mwaka 1937.

Hockney hakuridhika na picha ya kamera. Aliiona kuwa ni mtazamo wa jicho moja lililoganda mahali pamoja kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, na hakuna binadamu anayetazama hivyo. Mwaka 1982, nyumbani kwake Los Angeles, alianza kupiga picha nyingi za Polaroid, zile zinazotoka papo hapo zikiwa na fremu nyeupe, za chumba kimoja au mtu mmoja, kila moja kwa karibu na kwa upande wake, kisha akazipanga zikawa picha moja kubwa. Baadaye alihamia kwenye filamu za kawaida, akaacha vipande vipandane bila fremu nyeupe.

Mwaka 1983 alikwenda kwenye bustani ya mawe ya hekalu la Ryoanji, Kyoto, nchini Japani. Bustani ile ni ya mstatili, lakini ukisimama mahali pamoja na kupiga picha, kingo zake huonekana zikikaribiana kadiri zinavyokwenda mbali. Hockney akatembea ukingoni, akipiga picha hatua kwa hatua. Alipoziunganisha, mstatili ulirudi, na chini ya picha miguu yake mwenyewe inaonekana ikisonga.

Kazi ninayoipenda zaidi ni ile ya barabara ya Pearblossom, iliyopigwa katika jangwa la California kuanzia tarehe 11 hadi 18 Aprili 1986. Ina mamia ya vipande, na sasa imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la J. Paul Getty. Ukiiona mara ya kwanza utadhani amesimama katikati ya njia akatazama mbele. Sivyo. Kibao cha barabarani kinachoamuru magari yasimame alikipiga kwa karibu, akiwa juu ya ngazi. Makopo na chupa zilizotupwa kando ya njia alizisogelea moja moja. Mwenyewe alieleza kwamba upande wa kulia ni macho ya dereva, anayesoma alama za barabarani, na wa kushoto ni ya abiria, anayetazama apendapo.

Hapo ndipo somo langu linapoanza. Katikati ya retina kuna kishimo kidogo kiitwacho fovea, ambamo seli za koni, zinazotupa rangi na maelezo madogo madogo, zimesongamana kuliko kwingine. Ili kulifaidi eneo hilo dogo, macho huruka takriban mara tatu kwa sekunde. Yanatua, yanachukua kipande, yanaruka tena. Mahali pa kutua hutegemea unatafuta nini, ndiyo maana dereva na abiria hawaoni barabara moja.

Kuna tofauti moja kubwa, nayo haipunguzi thamani ya kazi hii hata kidogo: Hockney aliacha maungio yaonekane, ubongo huyaficha. Simama mbele ya kioo, utazame jicho lako la kushoto, kisha la kulia, urudie. Hutayaona macho yako yakisogea hata mara moja, kwa kuwa kila yanaporuka ubongo huzima kwa muda mfupi mno habari zinazotoka kwao. Mwite mtu asimame kando yako. Yeye atayaona yakiruka.