Kifaranga na hewa ukaa: je, kweli "analala tu"?

Miaka mingi tumeambiwa kwamba kifaranga mgonjwa au aliyezaliwa na ulemavu akiwekwa kwenye hewa ukaa (gesi ya kaboni dioksidi) ili afe, husinzia tu, akafa bila kuhisi kitu. Si hivyo hasa.

Umewahi kunywa soda, gesi yake ikakupanda puani? Ule mchomo ndio hewa ukaa: ikikutana na unyevu wa pua na macho hugeuka asidi. Kifaranga naye huihisi. Gesi ikiwa nyingi ghafla, hutikisa kichwa, hupanua mdomo na kuhema. Tena ndege wana vihisio vya gesi hii ndani ya mapafu yenyewe.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba kifaranga wa siku moja ni mgumu kufa kwa njia hii kuliko kuku mkubwa. Siku za mwisho ndani ya yai amekwisha kuzoea hewa ukaa nyingi, kwa hiyo kiwango kinachomuua kuku mkubwa kinaweza kumwacha yeye hai. Akitolewa mapema, huzinduka. Hapo ndipo ukatili ulipo, kwa maoni yangu, kuliko katika gesi yenyewe.

Ndiyo maana wataalamu hupandisha gesi polepole, ili fahamu zipotee kabla haijawa kali, kisha huongeza kiwango na muda. Wengine huichanganya na gesi nyingine, agoni au naitrojeni, ambazo hazichomi. Mwisho hukaguliwa kila kifaranga, mmoja mmoja: hapumui, moyo haupigi.