Je, wajua kwa nini seva ya DNS hudai ufunguo kabla ya kubadilisha anwani?

DNS ni huduma inayogeuza jina la mtandaoni kuwa anwani ya IP, yaani namba ya kompyuta kwenye mtandao. Kompyuta nyingi hazina anwani ya IP ya kudumu. Leo mtoa huduma ameipa hii, kesho ameipa nyingine. Ili jina lake lisipotee, kompyuta yenyewe huitumia seva ya DNS ujumbe mfupi: jina hili sasa liko kwenye anwani hii. Utaratibu huo uliwekewa kanuni mwaka 1997, katika waraka uitwao RFC 2136, na hufanyika bila mtu kugusa chochote.

Sasa chukulia kwamba ujumbe uleule umetumwa na mtu mwingine. Seva ikiukubali, kila anayelitafuta jina lako atafikishwa kwenye mashine ya huyo mtu, wala hataona tofauti yoyote. Wapo wanaotosheka kuiambia seva ipokee mabadiliko kutoka anwani fulani tu. Kinga hiyo haitoshi hata kidogo. Ujumbe wa DNS mara nyingi husafiri kwa UDP, njia ya kutuma isiyothibitisha kwanza mtumaji ni nani, na huko mtumaji anaweza kujiandikia anwani yoyote aitakayo, kama mtu anayeandika jina la mwingine nyuma ya bahasha. Jibu la seva litaenda kwingine, lakini yeye halihitaji, alichotaka kimeshabadilishwa.

Dawa ilipatikana mwaka 2000 kwa jina la TSIG. Pande mbili, seva na mteja wake, zinashika ufunguo mmoja wa siri, na ufunguo huo hausafiri kamwe pamoja na ujumbe. Mtumaji huuchukua ujumbe wote pamoja na saa aliyouandika, akaupitisha na ufunguo kwenye hesabu iitwayo HMAC, akapata muhuri, akaubandika mwishoni. Seva inarudia hesabu hiyohiyo kwa ufunguo wake. Njiani ikibadilishwa hata biti moja, mihuri haitalingana na ombi litakataliwa. Seva nayo huupigia muhuri ujumbe wake wa kujibu, na ndani ya hesabu hiyo huingiza muhuri wa ombi, ili jibu la ombi moja lisije likapachikwa kwenye ombi jingine.

Kuutengeneza ufunguo ni kazi ya mstari mmoja. Kwa anayetumia BIND, programu ya kuendesha seva ya DNS, kifaa chake kinaitwa tsig-keygen. Tuseme ufunguo ni wa kamera ya langoni:

tsig-keygen kamera-lango > kamera.key

Ukifungua faili hiyo utakuta mambo matatu: jina la ufunguo, algorithimu (hmac-sha256, usipotaja nyingine), na siri yenyewe. Siri hiyo ni baiti 32 zilizoandikwa kwa Base64, yaani namna ya kuziandika baiti kwa herufi, tarakimu na alama chache, kwa hiyo utahesabu alama 44, ya mwisho ikiwa ni =. Baiti hizo zimeokotwa kwa nasibu, na hapo ndipo uzito wote ulipo. Nimeona watu wakitunga neno kichwani, wakaligeuza kuwa Base64, wakaona mambo yamekwisha. Base64 haifichi kitu. Aliyedaka ujumbe mmoja tu wenye muhuri anaweza kukaa kwake akajaribu mamilioni ya maneno mpaka moja litoe muhuri uleule, na seva yako haitasikia hata mlango ukitikiswa. Biti 256 za nasibu hazikisiki namna hiyo.

Miongozo ya zamani itakuelekeza kwenye programu ya dnssec-keygen pamoja na algorithimu ya HMAC-MD5. Achana nayo. BIND za sasa zimeiondolea programu hiyo kazi ya kutengeneza funguo za aina hii, na RFC 8945 ya mwaka 2020, iliyorithi nafasi ya waraka wa kwanza wa TSIG, inakataza HMAC-MD5 isitumike.

Jina la ufunguo nalo si pambo. Husafiri wazi ndani ya ujumbe ili seva ijue ichukue ufunguo upi, kwa hiyo ni lazima lifanane pande zote mbili. Likitofautiana kwa herufi moja utajibiwa BADKEY. Siri ikitofautiana, BADSIG. Lililonitesa mimi ni BADTIME: jioni nzima nililinganisha siri alama kwa alama, kumbe saa ya mashine ilikuwa nyuma kwa dakika saba. Kwa kawaida tofauti inayovumiliwa ni sekunde 300, ili aliyenasa ujumbe leo asiweze kuurudisha kesho. Tangu siku hiyo huanza kuangalia saa.

Faili ya ufunguo isomwe na programu inayouhitaji tu, na ihamishwe kwa SSH, njia ya mawasiliano iliyosimbwa, si kwa barua pepe. Tena, kila mashine ipewe ufunguo wake. Katika mipangilio ya BIND wengi huandika allow-update, ambayo humpa mwenye ufunguo ruhusa juu ya karibu kila rekodi ya kikoa kizima. Mimi napendelea update-policy:

grant kamera-lango name lango.example.com A;

Kwa mstari huo, ufunguo wa kamera unaweza kubadilisha anwani ya lango peke yake. Kamera ikiibwa na ufunguo wake ndani, mwizi hawezi kuigusa rekodi ya barua pepe wala ya tovuti. Nawe utafuta ufunguo mmoja, na mashine nyingine zote zitaendelea na kazi.