Kupima TLS ya tovuti: programu inakagua nini hasa?

Kivinjari kikifungua tovuti ya https bila onyo lolote, umejua jambo moja tu: kivinjari chako na seva ile vimekubaliana kuzungumza kwa siri, saa ile. Hujajua seva hiyohiyo ingekubali nini kama angeijia mteja mwingine, mwenye programu kuukuu au mwenye nia mbaya. Upimaji otomatiki wa TLS ndio unaojibu swali hilo. Programu huiendea seva mara nyingi, kila mara kwa sura ya mteja tofauti, na kuandika kila jibu inalopewa.

TLS, iliyorithi nafasi ya SSL, ni itifaki inayosimba data inayopita kati ya kivinjari na tovuti. Kabla data haijaanza kupita, mteja hutuma salamu akitaja matoleo ya itifaki anayoyajua na algoriti za usimbaji anazoziweza, kisha seva huchagua. Kivinjari cha leo hutaja zilizo imara, kwa hiyo hujibiwa kwa zilizo imara. Programu ya kupima hutuma salamu inayotaja TLS 1.0 peke yake. Seva ikikataa, vizuri. Ikikubali, kasoro imepatikana. Halafu inajaribu SSL 3.0, na kuendelea.

Kwa algoriti kuna mbinu ninayoipenda sana. Programu hutaja zote kwa pamoja na kuangalia seva imechagua ipi. Inaiondoa hiyo kwenye orodha, inatuma tena, inaondoa iliyochaguliwa safari hii, mpaka seva ikatae kabisa. Mwisho wake unakuwa na orodha kamili ya kila kinachokubaliwa, na mara nyingi mpangilio wa seva inavyovipendelea. Humo ndimo RC4 au 3DES, algoriti za zamani zilizo dhaifu, iliyosahaulika hujitokeza.

Kusahau huko kuna hatari ya kweli. Mwaka 2014, shambulio la POODLE lilionyesha kwamba mtu aliyekaa katikati ya mawasiliano anaweza kuvuruga salamu hadi kivinjari kirudi nyuma kwenye SSL 3.0, itifaki ya mwaka 1996, kisha akapata vidakuzi vya mtumiaji (vijidata vinavyomtambulisha kwenye tovuti) kidogo kidogo. Pande zote mbili zilikuwa na matoleo mapya. Tatizo ni kwamba la zamani lilikuwa halijazimwa. TLS 1.0 na 1.1 nazo zilipigwa marufuku rasmi na IETF, shirika linaloweka viwango vya intaneti, Machi 2021. Zinazofaa sasa ni 1.2 na 1.3.

Kwenye cheti, yaani hati ya kidijitali ambayo seva huitoa kuthibitisha kwamba jina la tovuti ni lake, programu hukagua kama jina la kikoa linalingana, kama tarehe hazijapita, kama ufunguo ni mrefu vya kutosha (kwa aina ya ufunguo iitwayo RSA, biti 2048 au zaidi), na kama mnyororo wa saini umekamilika. Hilo la mnyororo huwasumbua watu wengi. Seva inatakiwa itume cheti chake pamoja na cheti cha kati, kile kinachokiunganisha na mamlaka inayoaminika. Kile cha kati kikikosekana, baadhi ya vivinjari hukitafuta vyenyewe, na mwenye tovuti huona kila kitu ni shwari, huku programu za simu na mifumo ya malipo ikishindwa kabisa kuunganishwa.

SSL Labs ya Qualys hufanya kazi hii bure mtandaoni na kutoa daraja kuanzia A+ hadi F. Kwa seva za ndani zisizofikika kutoka nje, testssl.sh, programu unayoiendesha kwenye kompyuta yako, inafaa. Ila daraja la A+ halisemi lolote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti: tapeli naye anaweza kupata cheti halali na kuipanga seva yake vizuri.

Kupima mara moja kwa mwaka hakutoshi tena. Kikomo cha siku 398 cha uhai wa cheti, kilichoanza mwaka 2020, kinashushwa kwa hatua: siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 mwaka unaofuata, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Panga kipimo kijiendeshe kila siku, na kipitie kila anwani ya IP iliyo nyuma ya jina la kikoa. Jina moja laweza kuhudumiwa na seva kadhaa, na cheti kilichoisha muda kikabaki kwenye moja tu.