Friji haiokoi mkate wa sandwichi

"Tia kwenye friji usiharibike." Mkate wa slesi ukibaki, nyumba nyingi hapa Tabora kauli ni hiyo. Kwa ukungu, sawa, baridi huuchelewesha. Kwa ulaini ni kinyume kabisa. Wanga wa mkate uliookwa hujipanga upya taratibu na kukakamaa, na baridi ya friji, nyuzi 4 hivi, huharakisha kazi hiyo kuliko hewa ya jikoni. Ndiyo maana slesi ya jana hupukutika ukiipaka siagi ya karanga. Mtoto anakula katikati, kingo anaacha, nawe unatumwa tena dukani.

Mkate wa kuliwa siku mbili uache kabatini, mfuko umefungwa. Unaozidi utie kwenye friza. Huko, nyuzi 18 chini ya sifuri, wanga karibu unasimama. Toa slesi mbili mbili, zipashe kwenye kikaango kikavu. Hata mkate uliokakamaa hulainika ukipata moto. Wenye ukungu tupa wote, usikwangue.

Na asali yetu, jamani, kwenye friji inatafuta nini? Baridi inaigandisha tu.