Muktadha pekee haukupi maana ya neno
Wengi tumefundishwa kwamba neno geni halihitaji kamusi: soma sentensi nzima, maana itajitokeza yenyewe. Si kweli kila mara. Chukua “Anapaa samaki kabla ya kumkaanga.” Asiyelijua neno atasema anamwosha, au anamkatakata. Yote mawili yanaingia vizuri kwenye sentensi, na yote ni makosa: kupaa samaki ni kumwondoa magamba. Muktadha umempa pa kukisia tu.

Kazi kubwa ya muktadha, na mimi huifurahia sana, huanza kamusi ikishafunguliwa. Humo utakuta pia paa la nyumba, paa mnyama, na kupaa angani. Ukisoma “paa linavuja”, ile li- peke yake imeshamfukuza mnyama. “Paa amekimbia”? Nyumba imetoka.