Vitu Visivyokuwepo: Kwa Nini Gari la Spoti Lililoagizwa na Vifaa Vichache Huwa Adimu

Mwezi uliopita mteja mmoja alinipigia simu akiwa kwenye gereji ya Nkuhungu, hapa Dodoma, ambako alikuwa ameonyeshwa Subaru Impreza ya miaka ya 1990, akaniomba nifike kulikagua kabla hajalipa. Nilipofika alinivuta pembeni. "Kaka, hili gari limechomolewa vitu," aliniambia kwa sauti ya chini. "AC hakuna, vioo ni vya kunyonga, redio hakuna, hata breki za ABS hakuna. Muuzaji anasema lilitoka hivyo kiwandani. Kweli kuna mtu Japani atanunua gari la tabo halafu akose hela ya vioo vya umeme?"

Nilimwomba avute subira, nikawasha tochi. Kitu kilichochomolewa huacha alama: soketi za nyaya zinazoning'inia, matundu yaliyozibwa kwa gundi, rangi iliyochubuliwa na spana. Hapa hapakuwa na alama hizo. Gamba la mlango lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya mkono wa kunyonga, wala halikuwa na nafasi ya swichi. Kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, pale ambapo mabomba ya kiyoyozi hupita, palikuwa na kizibo cha mpira ambacho hakikuwahi kutolewa, na rangi iliyokizunguka haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mwisho nilifuta vumbi kwenye kibati cha modeli, vumbi letu jekundu ambalo huingia hata kwenye gari lililofungwa vioo vyote, nikalinganisha msimbo wake na orodha ninayoitumia kazini. Gari lilikuwa WRX Type RA, na muuzaji hakuwa amedanganya.

Type RA lilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1992 kwa ajili ya watu waliokusudia kuingia kwenye rali. Timu ya rali inaponunua gari jipya, jambo la kwanza inalofanya ni kuling'oa kila kitu kisichosaidia kukimbia, kwa hiyo kiwanda kiliona ni busara kutokiweka kabisa, na badala yake kikaweka giaboksi yenye gia zinazokaribiana. Mitsubishi walifanya vivyo hivyo kwa Lancer Evolution: lile la kwanza la RS lilikuwa na kilo 1,170, wakati mwenzake GSR, lenye starehe zote, lilikuwa na kilo 1,240. Kwa mwendeshaji wa kawaida anayekwenda kazini, tofauti hiyo ya kilo 70 haina maana yoyote ikilinganishwa na kukaa bila kiyoyozi kwenye joto la Tokyo mwezi wa Agosti, na ndiyo maana mwendeshaji wa kawaida hakulitaka.

Watu wanapozungumzia uadimu wa gari, mara nyingi hufikiria matoleo yaliyotangazwa kwa idadi, kama Impreza 22B ya 1998, ambayo kwa soko la Japani ilitengenezwa 400 tu. Uadimu wa aina hiyo hupangwa mezani kabla gari halijaundwa. Huu mwingine haukupangwa na mtu. Ulitokea kwa sababu wanunuzi walikaa mbele ya fomu ya kuagizia, mmoja baada ya mwingine, na karibu wote wakaweka tiki mahali pamoja.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni Porsche 911 Carrera RS ya 1973. Porsche walihitaji kutengeneza magari 500 ili waruhusiwe kushindana nalo, na walikuwa na wasiwasi kama yangeuzika. Hatimaye waliuza 1,580. Karibu wanunuzi wote walichagua kifurushi kimoja cha vifaa kati ya viwili. Msimbo M471 ulimpa gari jepesi la kilo 960 ambalo halikuwa na saa kwenye dashibodi wala kikinga jua upande wa abiria, na mlango wake ulifunguliwa kwa kuvuta kamba. Msimbo M472 ulirudisha starehe za 911 ya kawaida, na uzito ukapanda hadi kilo 1,075. Huo wa pili ndio uliokuwa na bei kubwa zaidi, lakini watu 1,308 waliulipia, wakati walioridhika na kamba ya mlango walikuwa 200. Hapakuwa na uhaba wowote wa vyuma wala wa mafundi. Aliyetaka gari jepesi angelipata. Leo hizo 200 ndizo zinazotafutwa zaidi, na mtu anayelipia kukosekana kwa saa hulipa pesa ambazo mnunuzi wa 1973 angezicheka.

Huko Marekani kuna kisa cha ajabu zaidi, kwa kuwa kiwanda chenyewe kilijitahidi kuwafukuza wateja. Chevrolet walipoiweka injini ya L88 kwenye orodha ya vifaa vya Corvette mwaka 1967, waliiandikia nguvu ya farasi 430, pungufu ya injini nyingine ya kawaida zaidi iliyoandikiwa 435, ilhali nguvu yake halisi ilizidi 500. Zaidi ya hapo, aliyeichagua hakuruhusiwa kuwekewa redio wala kipasha joto, na hilo la pili ni adhabu kwa mtu anayeishi kwenye theluji. Lengo lilikuwa kuiacha mikononi mwa watu wa mashindano pekee. Mwaka huo waliagiza watu 20. Mwaka 1968 yaliuzwa 80, na 1969 yakauzwa 116, basi. Camaro Z/28 ya 1967, ambayo haikupatikana na gia za otomatiki wala kiyoyozi, ilifika 602 kati ya Camaro zaidi ya 220,000 za mwaka huo.

Hapa lazima nitenganishe jambo, kwa sababu nimeshaulizwa mara kadhaa kama Probox lenye vioo vya kunyonga nalo litapanda bei. Halitapanda. Kampuni nyingi ziliyanunua hivyo hivyo kwa makundi ili kupunguza gharama, na yamejaa barabarani kuanzia Kizota hadi Nzuguni. Upungufu wa vifaa huleta uadimu pale tu ambapo mnunuzi ana uwezo wa kuvilipia na gari lenyewe linamvutia, kisha yeye mwenyewe akakataa.

Baada ya kuzaliwa machache, mengi kati ya hayo machache hufa mapema. Magari kama Type RA yalinunuliwa yakapigishwe mawe na miti, na yaliyosalimika yaliangukia kwa wamiliki wa pili na wa tatu ambao, kwa nia njema kabisa, walifunga redio, wakafunga kiyoyozi, wakabadilisha milango, na hivyo kuyafanya yafanane na mengine yote.

Kwa kuwa kukosekana kwa kitu ni rahisi kuiga, mimi huanza na kuishia kwenye kibati. Hata kwa magari tuliyoyazoea hapa nchini utaratibu ni uleule: Toyota Mark II Tourer V lenye msimbo wa bodi JZX100 lililozaliwa na gia za kubadilisha kwa mkono huwa na giaboksi ya R154 iliyoandikwa kwenye kibati, na katika herufi za modeli utaona M badala ya P ya otomatiki. Ukiikuta klachi chini lakini kibati kinasema P, gari hilo limegeuzwa. Linaweza kuwa zuri sana kuendesha, ila usililipie bei ya lile lingine.

Yule mteja wa Nkuhungu alilinunua. Wiki mbili baadaye alipiga tena, akasema safari ya Singida mchana wa jua kali imemshinda na anataka fundi amfungie AC. Nilimweleza kwamba gari ni lake, nikamwomba jambo moja tu: fundi asikate gamba la dashibodi, na kile kizibo cha mpira kikishatolewa kiwekwe kwenye bahasha pamoja na kadi ya gari.